Wimbo wa Uzazi na Dawa ya Kunguni

Nilichomoa waya. Niliufuata kwa mkono kutoka kwenye spika mpaka kwenye betri, nikauvuta, na upande ule wote wa gulio la Nyamahanga ukanyamaza. Mtoto wangu alikuwa amelala mgongoni mwangu. Makelele hayakumwamsha, ukimya ndio uliomwamsha, akaanza kulia.

Muuza dawa alikuwa ameketi kwenye bajaji yake, miguu nje, anakula muhogo wa kuchoma. Nyuma alipanga vichupa vya dawa ya kunguni na pakiti za dawa ya panya. Juu ya paa alifunga spika mbili kwa kamba ya manila.

"We mama, una wazimu?"

"Huo wimbo ni wangu."

"Wimbo gani?"

"Huo uliokuwa unapiga sasa hivi."

Akameza muhogo wake kwanza. "Huo ni wimbo wa dawa, dada. Kila mtu anaujua."

Basi nikauimba. Niliimba ubeti wa kwanza wote pale pale, bila biti, mtoto analia mgongoni. Watu wakasogea. Nilipomaliza, mwanamke mmoja muuza dagaa akapiga makofi. "Huyu anajua kuigiza! Kama mwenyewe kabisa!" Mwingine akamshauri muuza dawa anipakie mimi kwenye bajaji nizunguke naye, spika zipumzike. Wakacheka. Muuza dawa akachomeka waya wake, sauti yangu ikatoka juu ya paa, na mimi mwenyewe pale chini sikusikika tena.

Hapo ndipo niliposema sasa basi. Nilikuwa nimevumilia mengi kabla ya siku hiyo, na nitayaeleza yalivyokuwa.

Wimbo huo niliutunga nikiwa uzazini. Nilimaliza kidato cha nne, nikarudi nyumbani Bugarama, nikapata mimba, mwenye mimba akabadilisha laini ya simu. Nilidhani nitakaa ndani na mama yangu tu, watu wapite barabarani wakiangalia pembeni. Lakini kwetu mwanamke akijifungua, wanawake wenzake wanakuja. Hawaalikwi, na hakuna aliyeniuliza baba wa mtoto yuko wapi. Mmoja alikuja na mzigo wa kuni kichwani. Mwingine alileta unga wa uji. Mwingine hakuwa na kitu, akampokea mtoto mikononi mwangu akasema lala, nikalala mpaka jioni. Walikuja vile vile ambavyo wangekuja kama ningekuwa nimeolewa.

Nikawatungia wimbo. Kila ubeti unamtaja mmoja kwa alichobeba: yule wa kuni, yule wa uji, yule wa mikono mitupu. Katikati niliacha nafasi isiyo na maneno, kwa sababu ndipo vigelegele vinapoingia, na huwezi kuimba juu ya vigelegele.

Tulirekodi Ngara mjini, kwenye chumba kilichozibwa kwa magodoro. Nilikwenda na bibi jirani yetu, yule wa mikono mitupu. Vigelegele vyake vinaanza chini, vinapanda, halafu vinakatika ghafla kama vile amekumbuka chungu jikoni. Prodyuza akamwomba arudie.

"Nirudie?" bibi akasema. "Mtoto azaliwe tena?"

Lakini akarudia. Mwanzoni mwa wimbo nilitaja jina langu na ninakotoka. Prodyuza alinisisitizia hilo. Alisema sisi tusio na meneja jina letu ni hilo la mwanzoni tu. Huku watu hawasomi jina la msanii kwenye kioo cha simu, wanarushiana nyimbo tu.

Alikuwa sahihi. Nilikuwa nimetazama video za mtandaoni zinazofundisha msanii kujitangaza mwenyewe: weka kipande kifupi kila siku, jibu kila anayeandika. Nikaweka, nikajibu. Walioandika ni binamu zangu, na wanaume waliotaka namba. Kwetu wimbo unatembea kwenye memori kadi. Kila gulio lina kibanda cha kurusha nyimbo. Mwenye redio ndogo anakuja anasema nijazie, na mwenye kibanda ndiye anayeamua amjazie nini. Akikupenda, wimbo wako unakwenda shambani, unapanda bodaboda, unaingia harusini. Asipokupenda, unabaki na flashi yako.

Kwa hiyo nilizunguka vibanda, mtoto mgongoni, flashi shingoni kwenye ile kamba ya kitambulisho cha shule. Nilianza Bugarama, kisha nikavuka kwenda Biharamulo, Nyamahanga na Nemba. Nilitoa shikamoo kwa watu tunaolingana umri. Wengine walinisikiliza huku wanatazama mpira kwenye simu. Mmoja alifika nusu akasema wimbo hauna mapenzi.

"Unayo," nikamwambia. "Ila si ya mwanaume."

Mwenye kibanda wa Nemba ndiye aliyenipokea vizuri kuliko wote. Alinipa kiti, akambeba mtoto, akausikiliza wimbo mpaka mwisho. Akasema huu akina mama wataulilia. Na kweli, haukupita muda mrefu nikausikia kwenye bodaboda, nikausikia kwenye harusi ya watu nisiowajua. Nilisimama nje ya turubai lao nikalia kama mjinga.

Ila jina langu halikuwepo. Mahali pake palikuwa na sauti ya mwanaume inasema: "Huu unatoka kwa mzee wa kujaza, Nemba, hakuna kulala!"

Nikarudi Nemba. Hakuficha kitu. "Dada, watu wanataka wimbo uanze. Yale maneno yako yalikuwa yanachelewesha."

"Yale maneno ni jina langu."

"Basi lingekuwa fupi kama langu."

Nikameza. Nilijiambia muhimu wimbo unatembea. Nilijiambia nikitoa wa pili watauliza huyu ni nani, na jina litarudi lenyewe. Wa pili ulikuwa tayari, umeshachanganywa, uko kwenye simu yangu.

Halafu watoto wa jirani wakaanza kumwita mwanangu Kunguni. "Kunguni, njoo! Kunguni, simama!" Na yeye anaenda, anacheka, ndiyo kwanza anajifunza kutembea. Niliwauliza jina hilo limetoka wapi. Wakanipangia mstari wakaimba kiitikio changu, vizuri, bila kukosea, na walipofika kwenye nafasi ya vigelegele wakapaza sauti wote pamoja: "Kunguni wanakufa! Panya wanakufa! Na mayai yao yanakufa!"

Ndivyo nilivyojua. Nikaulizia, nikaambiwa muuza dawa alikwenda kwenye kile kibanda cha Nemba akataka wimbo unaovuta akina mama, kwa sababu wanaonunua dawa ya kunguni ni wao. Mwenye kibanda akampa wangu, akamrekodia na maneno ya dawa, akayapachika katikati. Vigelegele vya bibi vinapanda, mwanaume anasema kunguni wanakufa, vigelegele vinakatika. Ukisikiliza bila kujua, utaapa bibi anashangilia dawa.

Nikamfuata tena mwenye kibanda. Safari hii sikukaa kwenye kiti chake.

"Uliacha nafasi, dada," akasema, na alikuwa anasema kwa moyo mweupe kabisa, hapo ndipo aliponimaliza. "Sisi kwenye kazi hii, wimbo ukiwa na nafasi ya wazi hapo ni pa tangazo. Nikajua umeiacha makusudi."

"Ile ni nafasi ya vigelegele."

"Vigelegele vipo! Sijavikata. Nimeweka sauti juu tu. Na nimekutangazia bure. Bila bajaji ile ungejulikana wapi?"

"Sasa najulikana kama nani?"

Akafikiri. "Kama wimbo wa dawa," akasema. "Si unapigwa kila gulio?"

Nilimwambia autoe. Akasema yeye ataufuta kwenye kompyuta yake, ila wa kwenye bajaji ni wa mwenye bajaji. Nikaondoka.

Nikajaribu redio. Nilimtumia mtangazaji mmoja wimbo wangu safi, wenye jina langu mwanzoni, nikasubiri, kisha nikampigia.

"Dada, sauti unayo," akasema. "Lakini huu si ule wa kunguni?"

"Ni wangu. Wamenipachikia maneno."

"Nakuamini. Tatizo ni wasikilizaji. Nikiupiga huu watapiga simu kuuliza bei ya kichupa."

Akacheka, na mimi nikacheka, kwa sababu unapoomba kupigiwa wimbo unacheka anapocheka mtangazaji. Nikamwambia ninao mwingine, mpya. Akasema nisubiri kwanza hilo la dawa lipoe, maana sauti yangu watu wanaijua, hata huo mpya wataambiana yule dada wa kunguni katoa mwingine.

Nilikata simu nikapiga ndoo teke. Maji ya kufulia nepi yakamwagika uwanja mzima. Basi hicho ndicho nilichokuwa nacho moyoni nilipokwenda Nyamahanga na kukuta ile bajaji, na yule bwana na muhogo wake. Bajaji ile ikiendelea kuzunguka, mimi sina jina, na wimbo wa pili nitakufa nao kwenye simu.

Niliporudi Bugarama habari ilikuwa imeshafika. Bibi alikuwa ananisubiri mlangoni kwetu, amejifunga kitenge cha safari.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba. Umechomoa waya?"

"Nimechomoa. Akachomeka tena."

"Wajukuu zangu wananiuriza kunguni wangapi wamekufa," akasema. Kiswahili chake ni cha kanisani na sokoni, na akikasirika herufi zinahama. "Mimi nirishangiria mtoto. Kunguni sijawahi kumshangiria hata siku moja. Twende."

Yule wa kuni akasema na yeye anakwenda. Yule wa uji alikuwa na mgonjwa, akatupa baraka zake.

Tulianza kwa mwenyekiti wa kijiji, kwa sababu huwezi kumruka. Mwenyekiti alitusikiliza vizuri, halafu akashauri tuyamalize kindugu: yule bwana aitwe, aombe radhi, anipe vichupa kadhaa vya dawa yaishe.

"Mwenyekiti, nakuheshimu," nikasema. "Lakini kwangu hakuna kunguni."

Bibi akaangalia pembeni, mabega yanamcheza. Mwenyekiti akasema basi, nendeni wilayani kwa afisa utamaduni, mambo ya nyimbo ndiyo kazi yake.

Afisa utamaduni ni mwanamke wa makamo. Alitupa viti, akaniuliza swali moja tu la maana: nitathibitishaje kwamba wimbo ni wangu na si wa dawa? Nilikuwa nimejiandaa. Prodyuza alinipa flashi yenye kila sauti peke yake, yangu mbali, ngoma mbali, vigelegele mbali. Nikaomba kompyuta. Kabla haijawaka, bibi akasimama, akaweka mkono mdomoni, akapiga vigelegele vyake mle mle ofisini, kutoka chini mpaka juu mpaka pale vinapokatika. Milango ikafunguka kwenye korido. Watu wakachungulia. Mhudumu mmoja akauliza nani amejifungua.

"Umesikia?" bibi akamwambia afisa. "Watu wazima wanajua vigelegele hivi ni vya nini."

Afisa akasubiri waliochungulia warudi ofisini mwao, halafu akasikiliza faili la prodyuza, kisha rekodi ya bajaji niliyoichukua kwa simu siku ile Nyamahanga. Akazirudia. Akasema, "Andika malalamiko. Bila maandishi sina cha kumwitia mtu."

Niliandika pale kwenye benchi la korido, yule wa kuni amembeba mtoto. Nakala ya kwanza afisa aliisoma akanirudishia. Akasema neno mwizi nitoe, tuhuma haijathibitishwa, niandike mlalamikiwa. Pia nitoe sehemu inayohusu mama yake mlalamikiwa. Nikatoa. Mengine nilikataa kuyatoa, na ndiyo yaliyopokelewa na kugongwa mhuri. Majina hapa siyaweki, langu wala lao, kwa sababu shauri bado liko mezani. Kwenye barua nililiandika langu lote, kwa herufi kubwa. Maneno yenyewe ni haya:

"YAH: MALALAMIKO KUHUSU WIMBO WANGU KUTUMIKA KUTANGAZA DAWA YA KUNGUNI BILA IDHINI YANGU

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Mimi ni mwimbaji na mtunzi, mkazi wa Bugarama, na ni mama wa mtoto mmoja. Nalalamika dhidi ya watu wawili. Mlalamikiwa wa kwanza, mwenye kibanda cha kurusha nyimbo Nemba, alikata jina langu kwenye wimbo wangu akaweka lake, kisha akapachika tangazo katikati. Mlalamikiwa wa pili, muuza dawa, anaupiga wimbo huo kwenye magulio, na nilipomwambia ni wangu alikataa.

Kwa sababu hiyo redio haiwezi kupiga wimbo wangu, siwezi kutoa wimbo mwingine, na mwanangu anaitwa mdudu.

Siombi kulipwa kwa barua hii. Naomba walalamikiwa waitwe, na tangazo litolewe kwenye wimbo. Naomba pia bajaji hiyo hiyo, kwa spika hizo hizo, irudi Nyamahanga siku ya gulio na kila gulio ilikopita, itangaze jina langu, na itangaze kwamba wimbo huu ni wa wanawake waliokuja nilipojifungua. Halafu iupige wote, tangu mwanzo, bila mtu kusema neno juu yake.

Nafasi iliyo katikati ya wimbo haikuachwa kwa bahati mbaya na haiko wazi. Ni ya vigelegele vya wanawake hao, na wawili kati yao ni mashahidi wangu, wameweka dole gumba hapa chini.

Ni mimi, mwenye wimbo."