Siku Mutua Alipotaka Kukata Makadamia

Nakumbuka asubuhi moja, mwanangu, nikiwa nimeolewa juzijuzi hapa Mumbuni. Mvua ya vuli ilikuwa imeipa miti ya makadamia machipukizi mapya. Ile miti aliipanda baba mkwe, na alipofariki ikabaki ndiyo tegemeo la mama mkwe. Tulipotoka, tukakuta majani machanga yamechorwa mistari myeupe ya kujipindapinda. Mengine yamekauka kama yaliyobabuliwa na moto.

Mume wangu, Mutua, alikuwa mwepesi wa hasira. Akachukua shoka.

“Mwaitu, hii miti imeisha,” akamwambia mamake. Mwaitu ni mama, kwetu Wakamba. “Nakata yote, nipande mahindi.”

Mama mkwe hakupandisha sauti. Alisimama kati yake na shina. “Mutua, baba yako alipougua, nilimchimbia kaburi siku hiyo?”

Mutua akalishusha shoka chini. Hasira hasara, lakini neno la mama ni maji.

Mimi, mgeni wa boma, nilichuma jani nikalipasua kwa ukucha. Ndani kabisa, katikati ya ngozi mbili za jani, alilala kiwavi mdogo kuliko punje ya wimbi. Kumbe vile vinondo, vipepeo vidogo vya usiku vya rangi ya fedha, tulivyokuwa tukiviona jioni ndivyo vilivyotaga pale! Kikulacho ki nguoni mwako.

Mutua akalitazama jani, kisha mti. “Kumbe ni majani tu. Shina liko sawa.”

Tulikata machipukizi yaliyoingiliwa na viwavi, tukayachoma, tukaweka samadi. Kilichotuchosha ni kungoja. Mama mkwe alikuwa akienda kuitazama miti, Mutua nyuma yake na ndoo ya maji. Tangu mazishi walikuwa hawaongei sana wale wawili. Hapo shambani nikaanza kuwasikia wakicheka. Mvua iliyofuata, majani yalitoka safi, maua yakajaa nyuki.

Basi mwanangu, ndoa ikiyumba au ndugu akikukosea, usikimbilie kuangamiza kilichochukua miaka kukua. Tafuta panapouma, uondoe hapo tu, kisha ungoje. Subira yavuta heri. Na ukiweza, usingoje peke yako.

Mola akujalie macho ya kuona kilichobaki kizima, na mikono ya kukitunza. Uzeeke kati ya watu wanaokupenda.