Maua Yasiyoaga

Wifi yangu ni fundi cherehani, na msimwone mpole mkadhani ni mjinga. Siku aliyokwenda kununua maua, muuza miche alijaribu kumbambikia yale ya msimu mmoja, yanayokupendeza kidogo kisha yanakuaga. Wifi akamwambia hataki maua ya kuaga. Anataka ya kudumu, mvua ikirudi nayo yanarudi, na rangi iwe kali, ionekane toka mbali.

Hakuwa anapamba. Mama yake, yaani mama mkwe wangu, alikuwa ameanza kusahau. Kwanza alisahau jiko linawaka, kisha majina yetu, mwisho akasahau nyumba. Na mtaa wetu, jamani, mageti yote ni ya bati na yote ya kijivu, utadhani tulipewa bure. Mama naye alikuwa mtu wa kutembea. Mume wangu akaleta kufuli, akasema Mama akipotea mara moja tena geti linafungwa naye anabaki ndani. Wifi akamjibu mbele yetu sote:

"Mama hakutufunga sisi. Na mimi simfungi."

Mume wangu akaliweka kufuli juu ya kabati, akasema haya, tutaona.

Basi tumaini likabaki kwenye maua. Wifi akampeleka Mama kwa muuza miche achague mwenyewe. Meupe aliyapita kana kwamba hayapo. Ya zambarau akauliza ni ya nani. Mekundu akayatazama, akaguna. Alipofika kwenye mayungiyungi ya rangi ya chungwa akasimama, akalishika ua kwa vidole viwili, akasema, "Haya ni ya kwetu." Wifi alilia palepale, wala hakuona haya. Akaongeza miche michache ya zambarau ya kuweka nyuma, maana anayeshona anajua rangi ipi huipandisha nyingine.

Akayapanda getini, yakashika. Kila asubuhi kabla ya kwenda kazini wifi alimsimamisha Mama barabarani akamuuliza kwetu ni wapi, na Mama akanyoosha mkono penye maua ya rangi ya chungwa. Akawa anatembea mpaka mwisho wa mtaa, anasalimia anaowajua na asiowajua, kisha anarudi mwenyewe. Hata mume wangu akanyamaza, na kwake kunyamaza ni kazi ya kutwa.

Tatizo Mama alikuwa mkarimu. Ugonjwa ulimnyang'anya kila kitu ukamwachia hilo. Majirani walipita wakisifu, mama nigawie mche, naye akachimba kwa mikono yake akawapa. Kwetu mche haunyimwi, anayenyima ni mchoyo. Waliomba kwa adabu, wakashukuru, wakaenda kupanda. Wapi? Getini, kama walivyoona kwetu. Wifi alikuwa akirudi kazini giza limeingia, na miche yao ilikuwa majani tu, nani angeyatazama majani? Lakini ninyi mliokuwa mkiomba, mlijua yule mama hajui hata leo ni siku gani. Hamkujiuliza yale maua yamewekwa pale ya nini? Hasira hii hainitoki.

Mvua iliporudi, mtaa mzima ukachanua. Asubuhi ile wifi alifungua geti akaona chungwa kulia, chungwa kushoto, chungwa mpaka kona. Alirudi ndani mbio kumwita Mama. Kitanda kilikuwa kitupu.

Tulimtafuta mbali, kwa kuwa siku zote alipotelea mbali. Stendi, sokoni, hospitali. Alikuwa mtaani kwetu, mbele ya geti la karibu na kona, penye mayungiyungi mazuri kuliko yetu, na wenye nyumba walikuwa wamesafiri. Waliompita walidhani anapumzika kwake. Tulipomkuta jioni alikuwa amekaa kwenye matope, amelowa chapachapa, vidole vimechubuka kwa kugonga. Akamtazama wifi asimtambue.

"Nisaidie kugonga, mwanangu," akamwambia. "Binti yangu amenifungia nje."

Wifi akagonga. Alipiga lile geti la watu kwa ngumi zote mbili mpaka mume wangu akamshika mikono.

Homa ya mapafu ilimmaliza Mama kabla ya wiki kwisha. Mume wangu hakulitaja kufuli. Liko juu ya kabati mpaka leo, na hakuna anayepafuta vumbi pale.

Matanga hayajaisha vizuri, mpangaji mgeni akaja getini. Akasifu maua, akaomba mche. Nilikuwa nimeshafungua mdomo nimpe vidonge vyake. Wifi akanipita na jembe mkononi, akachimba tuta lote, akamrundikia miguuni.

"Chukua yote, dada. Aliyekuwa anayahitaji hayupo."

Alichimba mpaka akadhani mizizi imekwisha. Mvua iliyofuata yakachipua palepale, yakachanua. Siku hizi wifi anatokea mlango wa nyuma.