Nilivyoharibu gitaa ya Guka nikidhani naitengeneza

Wakuu, habari za weekend. Hii stori nimekaa nayo karibu mwezi mzima na bado inanichoma. Sitaongeza chumvi hata kidogo, maana ukweli wenyewe unatosha kunivua nguo.

Mimi hupiga gitaa kanisani hapa Nyeri town. Si kujisifu, lakini praise team yetu ikialikwa mahali, mimi ndiye hutafutwa kwanza. Shikeni hiyo, ndiyo chanzo cha aibu yote.

Guka wangu, yaani babu, anaishi Mweiga. Nimepewa jina lake, kwa hivyo kwa desturi yetu mimi na yeye ni rika moja, na huniita "wakini", yaani mwenzake wa rika. Ujanani alikuwa fundi wa fence kwenye mashamba makubwa, na huko ndiko alijitengenezea gitaa. Ubao ni wa cedar iliyobaki kwa posts, vigingi vya kukazia nyuzi alichonga kwa kisu, na nyuzi zenyewe ni tano, za waya wa breki ya baiskeli.

Haishikwi kifuani. Unailaza mapajani, halafu unatelezesha kipande cha bomba ya maji juu ya nyuzi. Ndiyo steel guitar ya kwetu hiyo.

Mwaka jana alipata stroke, mkono wa kushoto ukakataa kabisa. Gitaa ikaning'inizwa kwa store, juu ya magunia ya viazi.

Nilipoenda kumwona akaniambia, "Wakini, hii mkono hairudi. Chukua ile gitaa unipigie. Nataka tu kuisikia tena."

Wakuu, mzee aliniomba hicho kitu kimoja tu.

Niliitoa store, nikaipangusa vumbi, nikapiga uzi mmoja mmoja. Nikaona vituko. Wa kwanza na wa tatu zilikuwa noti moja, mmoja chini mwingine juu. Wa nne haukuwa noti yoyote niliyowahi kufundishwa. Nikatoa simu nikajirekodi, na nilipofika huo uzi wa nne nikaangua kicheko. Nikatuma video kwa family group na maneno haya: "Kumbe miaka yote tunapigiwa out of tune!"

Emoji za kucheka zikajaa.

Kisha nikaibeba hadi Nyeri "kuitengeneza". Waya za breki niling'oa nikatupa, nikaweka strings mpya za duka. Na kwa sababu gitaa ninayoijua ina nyuzi sita, nilichukua drill nikatoboa shimo la sita kwenye ule ubao, nikaongeza kigingi. Nikatune kwa app mpaka kila uzi ukaonyesha green. Hapo nilijiona fundi kamili.

Jumapili baada ya ibada tulijaa kwa Guka, chai na mukimo mezani. Nikailaza mapajani, nikaanza wimbo aliokuwa anapiga kila jioni ng'ombe wakikamuliwa.

Kila nilipotelezesha bomba, sauti zilikorofishana. Nikajaribu kuficha kwa kupiga haraka haraka, mbinu yetu ya kanisani.

Guka alisikiliza mpaka mwisho. Akasema polepole, "Hii si gitaa yangu." Hakukasirika. Aligeuza tu uso akaangalia dirishani, na auntie Wangeci anayeishi naye akaanza kukusanya vikombe ambavyo bado vilikuwa na chai.

Niliona haya mpaka masikio yakawaka moto. Nilipewa kazi ya kupiga, nikajipa kazi ya kurekebisha.

Sasa ile tuning yake nitaipata wapi? Waya nimetupa, vigingi nimezungusha vyote. Ushahidi pekee duniani ulikuwa ile video yangu ya kumcheka.

Nilikaa nayo siku tatu, simu moja ikicheza video, nyingine ikiwa na tuner. Uzi wa kwanza D. Wa pili A. Wa tatu D ya juu. Wa tano A ya juu. Nikipiga zote bila kugusa mahali, karibu ziwe chord nzima. Hazikuwa out of tune hata siku moja. Mzee alizipanga hivyo makusudi, ili bomba ikilala juu yake ibebe zote pamoja.

Lakini uzi wa nne sikuupata. Kicheko changu kilikuwa kimeufunika. Nilijisikiza nikicheka labda mara mia.

Nikatoa kile kigingi cha sita, nikarudi Mweiga. Nilimwambia Guka kila kitu, na nikamchezea video, kwa sababu hakuna vile ningeeleza bila hiyo. Aliisikiliza yote.

"Hapo penye unacheka," akasema, "ndio waya yenyewe iko."

Niliweka F sharp, chord ya vitabuni. Akatikisa kichwa. Nikashusha hadi F. Akatikisa tena. Nikapandisha kidogo kidogo, yeye akiwa ameinua kidole cha mkono mzima, mpaka akakishusha.

"Hapo."

App ilikuwa red. Mshale ulisimama katikati ya noti mbili. Nikatelezesha bomba, na wimbo wa jioni ukatoka vile ninavyoukumbuka tangu utotoni. Auntie Wangeci alisimama mlangoni na ndoo ya maziwa, hakuiweka chini mpaka nikamaliza.

Nikasema, "Guka, hiyo video naifuta leo."

"Usifute, wakini. Hiyo ndio mara ya mwisho hiyo gitaa ililia na waya zangu, vile niliiacha."

Basi iko kwa simu, na mimi ndani yake nikicheka.

Somo nililopata: kabla hujarekebisha kitu cha mtu, muulize kama kimeharibika. Mwenyewe alikuwa amekaa mita tano kutoka pale nilipokuwa narekodi.

Shimo la sita hajaniuliza. Nikimpa gitaa ashike, hupitisha kidole gumba hapo, halafu ananirudishia nipige. Mafundi wa mbao mlio humu, shimo kwenye cedar ya zamani linazibika lisionekane, ama niliache tu? Semeni ukweli, hata mkinicheka ni sawa.