Changarawe ya Bi Pondo

Watu walimwita Bi Pondo, na shangazi yangu alilipenda jina hilo kuliko lile alilopewa na wazazi wake. Kwa miaka thelathini na moja alivusha vijiji vitatu kwa mtumbwi mmoja: wagonjwa, walimu, maharusi, hata mbuzi wenye kiburi. Mifereji ya kwetu imesokotana kama nywele zilizosukwa na mtoto. Mgeni akiingia peke yake hutafutwa siku mbili. Shangazi alichovya pondo, ule mti mrefu wa kusukumia chombo, akausikiliza mkono wake, kisha akasema, "Hapa tope, bado. Hapa changarawe, tunakata kushoto."

Mimi nilidhani ni mbwembwe za uzee. Mtu mwenye macho ana haja gani ya kupapasa?

Asubuhi moja mwanangu alishikwa na degedege. Nilimfunga kitenge, nikakimbia naye hadi majini.

"Shangazi, nipeleke zahanati, mtoto ananifia!"

"Hafi mtu kwenye chombo changu. Kaa chini, utatuzamisha."

Alisukuma kwa nguvu zake zote, na mtumbwi ukaenda. Tulipofika njia panda, paa jekundu la zahanati lilikuwa wazi upande wa kushoto. Shangazi akachovya. Tope. Akachovya tena. Tope. Tukapita moja kwa moja. Nilidhani kuna njia ya mkato. Nani angethubutu kumfundisha Bi Pondo njia? Tulikuja kukwama kwenye matete, na mtoto akaanza kutetemeka upya mikononi mwangu.

"Changarawe imekwenda wapi?" Shangazi alinong'ona.

Nikakumbuka. Wiki iliyotangulia mashine ya kuchimba mifereji ilipita pale njia panda, ikazoa kila kilichokuwa chini.

"Shangazi, paa la zahanati hukuliona?"

Akaendelea kupapasa matete kwa pondo.

"Mimi je, unaniona?"

"Nakusikia," akasema. "Huu mwaka wa tatu. Usimwambie mtu, mwanangu. Wakinitoa majini nitakuwa nani?"

Miaka mitatu! Na sisi tumo ndani, tunapiga soga, tunamsifu kwa uhodari. Nilitaka kumtukana na nilitaka kumkumbatia, na vyote viwili havikuwa na nafasi. Nikaanza kupiga kelele: "Rudi nyuma! Kulia kwako! Nyoosha!" Yeye akatoa mikono, mimi nikatoa macho, tukafika.

Muuguzi alimpokea mtoto, akamchoma sindano, akanigombeza kwa kuchelewa. Saa sita mchana homa ilishuka, mwanangu akaomba maji ya kunywa, nami nikalia mpaka nikaona aibu.

Niliporudi majini nimembeba, Shangazi alikuwa ameshapanga abiria wa kurudi. "Ingieni, ingieni! Atakayebaki asinilaumu!" Mama mmoja mjamzito, mwenye mtoto mgongoni, alikuwa ameinua mguu apande.

Wahenga husema msema kweli ni mpenzi wa Mungu. Hawasemi watu watamwonaje.

"Dada, usipande," nikasema. "Shangazi haoni."

Walicheka. "Bi Pondo asione? Labda wewe!"

"Muulizeni gauni langu lina rangi gani."

Nilijua ninachofanya. Nilikuwa ninamvua nguo mbele za watu, mwanamke aliyenilea tangu mama yangu alipofariki, na bado nilisema. Kicheko kikakatika. Watu wote wakamgeukia, wakingoja atukane kama kawaida yake, na laiti angetukana.

Shangazi alilaza pondo ndani ya mtumbwi, taratibu, kama mtu anayemlaza mgonjwa.

"Kasema kweli," akawaambia. "Tafuteni mwingine."

Abiria wakaondoka mmoja mmoja. Naye akabaki amekaa palepale, akaniuliza kwa sauti ndogo ambayo sikuwahi kuisikia kwake:

"Na mimi, mwanangu, nitavuka na nani?"