Motokari Nyeusi ya Nkambo

Uvumilivu wangu uliishia uwanjani pa shule, siku ya proklamasio, wakati direkta anasoma matokeo ya mwaka mbele ya wazazi na poda nyeupe imeanza kurushwa juu ya vichwa vya watoto waliopita. Mimi pia nilikuwa na kopo langu la poda, ninangoja jina la binti yangu. Direkta akamwita wa kwanza wa darasa la tatu, msichana wa jirani yangu. Akampa madaftari sita na kalamu, na juu ya madaftari akaweka motokari ndogo ya chuma, nyeusi, imefungwa utepe. Rafiki yangu, ile motokari ilikuwa ya nkambo yangu, babu yangu mzaa mama. Niliitambua hata kabla hajaiinua.

Nilisimama. "Direkta, hii kitu haiko ya masomo. Iko ya kwetu."

Akajibu ndani ya mikrofoni, barabara nzima ikisikia: "Mama, ikala kwanza. Bintu bya kuchezea tutaongea nyuma."

Watu wakacheka. Kopo la poda likapasuka mkononi mwangu, nikawa mweupe kama vile ni mimi niliyefaulu. Nikakaa, kwa sababu yule mtoto alikuwa ameishika motokari kwa mikono miwili na hakuwa na kosa lolote.

Acha nikueleze ilifikaje pale. Binti yangu aliitoa nyumbani bila kuniuliza. Siku hiyo walikuwa wanasoma vyombo vya usafiri, naye alitaka kuonyesha chake. Mwalimu akamnyang'anya: vya kuchezea haviingii darasani. Sawa, sheria ni sheria. Nilienda kuiomba mara tatu. Mara ya kwanza direkta alikuwa kwenye mkutano. Ya pili, ufunguo wa kabati ulikuwa umesafiri na sekretari mpaka Luena. Ya tatu akaniambia nirudi kesho, na kesho yake mitihani ilikuwa imeanza, wazazi hawaingii. Na shule yetu ina desturi yake tangu zamani: kilichonyang'anywa, kisipochukuliwa mpaka mwisho wa mwaka, kinageuka zawadi. Hata mimi, nilipokuwa darasa la tano pale pale, nilipewa kamba ya kuruka. Niliiruka mpaka ikakatika, na sikuuliza hata siku moja ni mtoto gani aliyekuwa anaililia.

Ila kamba inasokotwa nyingine. Motokari ile haitengenezwi tena.

Nkambo alikuwa karani wa reli. Nyumba yake ya matofali ilikuwa jirani kabisa na gare; treni ikipita, vifuniko vya sufuria vililia jikoni vyenyewe. Chini ya kitanda alikuwa na sanduku la bati, na ndani yake motokari thelathini na moja, kila moja imeviringishwa katika karatasi za zamani za saa za treni. Kulikuwa na ambulansi, na kamyo la mapipa, na basi lenye pua ndefu, na ile nyeusi, yenye mabawa juu ya tairi na taa mbili zilizotoka kama macho ya chura. Ya kwanza aliachiwa na mkubwa wake wa kazi, mzungu mmoja aliyekuwa anarudi kwao. Nyingine alizivua ndani ya marobota ya mitumba sokoni, nyingine aliletewa na makondakta waliojua ugonjwa wake. Za kisasa hakuzitaka. Alitaka zile ambazo kubwa zao alikuwa ameziona kwa macho, barabarani, alipokuwa kijana.

Jumamosi mchana, akimaliza kupaka kiwi viatu vya kanisa, alivuta sanduku na kutuita wajukuu kwenye mkeka. Kila mmoja alipewa kipande cha singlendi kuukuu na tone moja la mafuta ya cherehani kwa ajili ya tairi. Harufu ya kiwi, ya mafuta yale, na ya sombe inayoiva kwa mawese jikoni, hiyo ndiyo Jumamosi yangu mpaka leo. Majirani walimcheka kupitia uzio: karani mzima anacheza na vitu vya watoto. Hakukasirika. "Bengine banachunga mbuzi," alisema. "Minyi nachunga motokari. Haikule bihogo bya muntu." Nkambo mwanamke, akiwa kwenye kinu chake, alikuwa na jibu lake ambalo lilitoka kila wiki: motokari thelathini na moja ndani ya nyumba, na sokoni anaenda kwa miguu.

Chini ya tumbo la ile nyeusi imeandikwa 1/43. Nkambo alitueleza kwamba maana yake ni hii: panga arobaini na tatu za namna hii, pua kwa mkia, utapata urefu wa ile ya kweli. Akapima motokari ya mchungaji kwa kamba, akaja kuichora kwa urefu wake kwenye mchanga wa uani. Tukapanga zote thelathini na moja. Zikaishia katikati ya mlango wa nyuma wa ule mchoro. Tangu siku ile sisi watoto tuliamini kitu kimoja, na tulikiamini kwa moyo: siku zitakapofika arobaini na tatu, zitaungana, motokari kubwa itasimama uani, na nkambo mwanamke ataenda nayo sokoni. Tulishagawana viti. Mimi nilikuwa karibu na dirisha. Nkambo alitusikia tukigombania viti vile na hakutusahihisha. Kila moja mpya ilipokuja, alituacha tupange upya, na yeye akavuta kiti kuangalia.

Siku moja niliiangusha ile nyeusi, rangi ikatoka juu ya paa. Nikachukua rangi ya kucha ya mama mdogo kusudi nifiche. Nkambo alinikuta nimeshafungua chupa. Hakunipiga. Aliniketisha, akasema: "Rangi ya kwanza njo sura yake. Ukipakala ingine, utapata motokari mupya, na hii utakuwa umeiua." Nilikuwa na miaka minane. Sijawahi kusikia mahubiri mengine yaliyoniingia hivyo.

Alipokufa, mwisho wa kilio wajomba waligawa sanduku, mjukuu mmoja motokari moja; mimi nikapata ile nyeusi. Za wengine zimeisha: zimeng'olewa tairi, zimezikwa kwenye mchanga, moja imeenda Lubumbashi na hakuna anayejua iko wapi. Nyumba wanakaa watu wengine, na treni siku hizi inakuja ikitaka. Sililii sana. Nilikuwa na utoto mzuri, na kipande chake nilikuwa ninacho juu ya kabati. Ndiyo maana jioni ya proklamasio nilienda kwa jirani. Ni fundi wa kinga, yaani baiskeli. Nilimkuta uani ameshafungua kopo la rangi nyekundu.

"Tunaipakala, mama," akaniambia, na furaha yote usoni. "Itakuwa mupya kabisa."

Nikamweleza yote. Alinisikiliza mpaka mwisho, brashi mkononi.

"Sikatae," akasema. "Lakini mutoto wangu alikuwa wa kwanza. Weye unataka minyi nimwambie nini? Kama zawadi yake ilikuwa ya wizi?"

Alikuwa na haki. Akafunga kopo. Akaniahidi kwamba mpaka Ijumaa hataigusa. Baada ya hapo mtoto ataamua mwenyewe.

Asubuhi nikaingia kwa direkta. Akaniuliza kama nina karatasi inayoonyesha kwamba niliidai. Nikamwambia nilikuja mara tatu, na yeye mwenyewe alinisalimia. "Ulikuya kwa kinywa," akasema. Basi nikatoka, nikaketi kwenye ngazi za biro, ofisi yake, nikaandika. Karatasi ilipigwa muhuri siku hiyohiyo, na nakala ninayo. Inasema hivi:

Kwa Komite ya Wazazi. Nakala kwa Direkta.

Mimi ni mama wa mwanafunzi wa darasa la tatu. Ninaandika kwa Kiswahili kusudi mjumbe yeyote asiseme hakuelewa. Ninalalamika kwamba shule imetoa kama zawadi kitu ambacho si chake: motokari ndogo ya chuma, nyeusi, taa yake ya kulia ilishang'oka, na tairi moja la nyuma limekatwa kutoka mpira wa kinga. Niliidai mara tatu kwa kinywa. Sikujua kwamba hapa kinywa cha mama hakihesabiwi.

Ninaomba irudishwe kabla ya Ijumaa, na isipakwe rangi yoyote. Lakini mtoto asinyang'anywe. Kwanza shule imtafutie zawadi yake, iliyotafutwa kwa ajili yake na si kutoka kabatini, aitwe tena mbele ya watu, kwa mikrofoni, na direkta aeleze kwamba kosa lilikuwa la shule. Vilivyobaki ndani ya kabati, wazazi waitwe kuvitazama.

Mtoto yule alikuwa wa kwanza kwa haki. Siku ile sikumpigia makofi. Mkimwita tena, nitakuja na poda.