Kamba ya ziwani tuliyoipeleka kwenye maji ya kasi ya Mto Mara

Wakuu wa ukurasa huu wa wasomaji, nawasalimu. Shule yangu iliishia darasa la nne na naandika polepole, mnivumilie. Haya niliyaona kwa macho yangu, sitatia chumvi.

Sisi ni watu wa ziwani, upande wa Suguti.

Mzungu mmoja wa mgodini Kiabakari alikuwa na boti ya mpira iliyobaki kutoka vitani. Alitaka kushuka nayo Mto Mara wakati wa masika, kutoka huko juu milimani ambako maji yanapita kwa kasi kati ya miamba. Ni mchezo tu, kwao wanaupenda.

Akamtafuta kaka yangu Magesa, maana kwa kupiga kasia hakuwa na mwenzake. Magesa akasema haendi bila mimi.

Plani tuliifanyia Musoma, kwenye banda la Fundi Salumu, mtengeneza mashua. Tukapanga nani akae mbele, chakula, na lori la kubeba boti. Likabaki suala la kamba.

Hapa nieleze kidogo kwa msiokaa ziwani. Kwetu upepo ukichafuka, mtu anajifunga kamba kiunoni, ncha nyingine kwenye mtumbwi. Mtumbwi ukipinduka unaelea, na wewe upo nao. Ukifa, angalau mwili unapatikana.

Baba yetu siku yake hakujifunga. Hana kaburi. Mama mpaka leo anakaaga anatazama maji.

Mzungu akauliza kamba za nini.

"Za kurudi nyumbani, Bwana," Magesa akamjibu.

Mzungu akasema yeye hafungwi kama mbuzi. Fundi Salumu akacheka. "Mwache, Magesa. Huyu mama yake yuko mbali."

Kisha Magesa akavuta fundo nililofunga mimi, likaachia. "Mdogo wangu, hili hata kuku anafungua." Nikaona haya. Akanifundisha upya pale pale, fundi akitazama.

Siku ya safari nilijifunga mwenyewe. Sikutaka anikague tena mbele ya watu.

Wakuu, mto si ziwa. Wimbi la ziwani linakupandisha na kukushusha. Maji yale yanakimbia tu, hayakungoji.

Kwenye kona moja nyembamba boti iligonga mwamba, ikapinduka. Fundo langu likaachia. Maji yakanitupa kwenye mchanga huko chini, na mzungu naye akatokea, anatapika.

Kamba ya Magesa haikuachia. Ilizunguka mwamba, boti ikavutwa upande mmoja na yeye upande wa pili, chini ya maji. Tuliuona mkono wake ukitoka na kurudi. Hatukuweza kumfikia mpaka alipokuwa amekwisha kufa.

Fundo lake lilikuwa zuri.

Tulimleta nyumbani kwa lori lile lile. Mama hakulia kwanza. Aliishika ile kamba iliyokuwa bado kiunoni mwa Magesa, akasema, "Ahsante. Huyu nitamzika."

Sasa ameitundika ukutani juu ya kitanda changu. Kila nikienda kuvua ananikumbusha nisiisahau.

Funzo ni hili: mtoni usijifunge na chombo. Anayepanga safari ya namna ile aulize kwanza watu wa mto, asichukue desturi ya ziwani.

Ila mama anaamini kamba ndiyo iliyomrudishia mwanawe. Nimwambie kwamba ndiyo iliyomuua, au ninyamaze?

Wenye mama hai, niandikieni mngefanyaje.