Mtumwa na Aliyetumwa

Kosa langu la kwanza lilikuwa kumsahihisha Kiswahili. Mwaka 2018 nilikuwa muuzaji katika duka la vyakula vya kwetu Afrika, mtaa wa Alief, Houston. Kila Jumamosi adhuhuri alikuja dada mmoja Mkongomani na karatasi ya mahitaji, huku mama aliyekuwa akimfanyia kazi za nyumbani kule kitongoji cha Sugar Land akimngoja garini nje. Siku moja, nikimpimia dagaa, aliniinamia akasema, “Kaka, niko mtumwa kwa ile nyumba.”

“Hatusemi hivyo,” nikamjibu. “Sema, nimetumwa na watu wa ile nyumba.”

Alinitazama. “Sawa, mwalimu.”

Mimi ni Mrundi. Kiswahili nilijifundisha mwenyewe kambini Kigoma, kwa redio na vipande vya magazeti yaliyofungiwa maandazi, na hadi leo naogopa kukosea. Nilifurahi, nikidhani nimemsaidia.

Wiki iliyofuata nikamtania. “Leo umetumwa nini?”

“Anayetumwa anarudi kwake, mwalimu. Mimi nalala chini, kando ya mashine ya kufulia. Pasipoti yangu ameificha yule mama. Polisi nawaogopa, viza ilikwisha. Unitoe.”

Honi ikalia nje. Nikamwomba wiki moja nipange.

Shangazi yangu wa Haltom City, mwendo wa saa nne kaskazini, alikubali kumpokea. Niliendesha hadi kwake na kurudi nikipima saa. Niliandika kila hatua kwenye daftari, nikaona kasoro, nikachana, nikaanza upya. Nikamweleza habari za daftari, nikaomba wiki nyingine, halafu nyingine. Nilikuwa silali. Nikikosea kidogo tu, atarudishwa kule, na dukani hataletwa tena.

Jumamosi ya nne tangu aniombe nimtoe, alikuja mkono umefungwa kitambaa cha jikoni. Alikuwa amechelewesha chakula, mama akammwagia mafuta ya moto ya kukaangia.

“Wiki ijayo tunahama,” alisema. “Sijaambiwa wapi. Mwalimu, unangoja nini? Nife kwanza ndiyo daftari lako lijae?”

Sikuwa na lolote tayari. Daftari lilikuwa nyumbani, gari lilikuwa na nusu tangi. Nikamshika mkono uliokuwa mzima, nikampitisha stoo katikati ya magunia, tukatokea mlango wa nyuma, nilikoegesha gari langu. Alikuwa na ndala tu miguuni. Alijilaza nyuma ya viti hadi tulipoiacha Houston. Nilikuwa nimesoma kwamba zamani watumwa wa Texas walikimbilia kusini, wakavuka mto kuingia Mexico. Sisi tulikwenda kaskazini, na kila gari jeusi nililoliona kwenye kioo nilidhani ni la yule mama.

Shangazi alifungua mlango, akautazama ule mkono kabla ya kutusalimu.

“Umeungua lini?” akamuuliza.

“Juzi.”

Akanigeukia. “Na wewe, tangu lini ulijua anateswa?”



Baadaye yule dada alipata wakili, akapata karatasi zake za kuishi nchini, akaanza kazi hotelini Carrollton. Vidole vyake viwili havikunjiki. Siku hizi mtu akiniomba msaada wa namna ile naondoka naye siku hiyo hiyo, hata kama sijui atalala wapi.